Afande, mwanangu anakwenda kozi ya miavuli: hatari iko wapi hasa?

Swali: Shikamoo afande. Kijana wangu yuko jeshini mwaka wa pili na amechaguliwa kwenda kozi ya kuruka na mwavuli. Nikimpigia simu anacheka, anasema mwavuli unajifungua wenyewe, kazi yake yeye ni kutoka mlangoni tu. Mimi usingizi umenipaa. Naomba uniambie kweli bila kunificha: kule juu kunakuwaje, watu huumia vipi, na nimwambie nini kabla hajaondoka?

Jibu: Marahaba, mama. Nimeruka na miavuli ya jeshi kwa miaka 19, na miaka 8 ya mwisho nilikuwa mkufunzi, kwa hiyo vijana kama wako nimewapokea siku ya kwanza na kuwavalisha kwa mikono yangu. Mwanao hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Nusu aliyokupa inahusu mwavuli. Aliyoiacha inahusu ardhi, na huko ndiko nilikoona watu wakivunjika.

Nianze na hiyo nusu yake. Katika kozi ya kwanza askari havuti kitu chochote. Mwavuli wake mgongoni umeungwa na mkanda mrefu, na ncha ya mkanda ule ina ndoano anayoinasa kwenye waya wa chuma uliotandazwa ndani ya ndege, juu ya vichwa, kutoka mbele hadi nyuma. Akitoka mlangoni anaanguka, mkanda unanyooka na kuuchomoa mfuko wenye mwavuli mgongoni mwake. Kamba zinatoka, kitambaa kinafuata, kisha uzi uliofunga kilele cha kitambaa kwenye ule mkanda unakatika kwa uzito wa mtu. Mkanda unabaki unapigwapigwa na upepo ubavuni mwa ndege, naye anaondoka na mwavuli wake. Hata angezimia pale mlangoni, mwavuli ungefunguka.

Kazi yake wakati huo ni kuhesabu kwa sauti. Waliotumia mwavuli wa Kimarekani wa T-10, ulioanza miaka ya 1950 na kuenea katika majeshi mengi duniani, walihesabu hadi nne. T-11, ulioanza kuchukua nafasi yake karibu na mwaka 2010, unafunguka polepole zaidi, kwa hiyo wanahesabu hadi sita. Akimaliza hesabu bila kuhisi amekamatwa mabegani, anavuta mwavuli wa akiba ulio mbele yake. Ndiyo maana wakufunzi tunakuwa wakali mno juu ya hesabu. Mruko wa mafunzo kwa T-11 hufanyika kwenye futi 1,250, yaani kama mita 380, na mtu asiye na mwavuli anafika chini kutoka hapo kwa sekunde kama 10. Sita ameshazitumia. Kijana anayehesabu mbiombio kwa woga, au anayesahau kuhesabu kabisa, hajui yuko wapi ndani ya zile sekunde.

Lakini kukosa kabisa kufunguka ni jambo la nadra sana. Wanaokunja miavuli ni askari waliosomea kazi hiyo peke yake, na katika jeshi la Marekani mkunjaji ni lazima awe mrukaji, na wakati wowote anaweza kuamriwa avae mwavuli alioukunja yeye aruke nao. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kamba kujisokota juu ya kichwa. Mwavuli uko wazi, ila kamba zimesukana, na kijana anapiga mateke kama mwendesha baiskeli mpaka zikunjuke. Mara chache kamba hupita juu ya kitambaa na kukigawa mafungu mawili, akawa anashuka kwa kasi kuliko inavyotakiwa. Hapo tunawafundisha watazame wenzao waliotoka nao. Ukiona unawapita, vuta wa akiba, usisubiri kuuliza.

Uliniuliza kule juu kunakuwaje. Watu wa nje hudhani woga ni wa kimo. Kwa wengi wetu taabu inaanza mapema zaidi, kwenye kungoja. Mwavuli uko mgongoni, wa akiba tumboni, shanta inaning'inia mbele ya mapaja, bunduki imefungwa ubavuni, na mikanda imekazwa kwenye mapaja kiasi kwamba huwezi kusimama wima. Mzigo wote unaweza kupita kilo 50. Umekaa hivyo saa mbili, pengine zaidi, chini kwanza halafu angani. Ndege inaruka chini kwa chini, na hewa ya karibu na ardhi inairusharusha. Kuna joto, kuna harufu ya mafuta, na mtu mmoja akishatapika wanaofuata hawahesabiki. Nimeona vijana wenye nguvu wakiomba mlango ufunguliwe, si kwa ushujaa, ila wapate kutoka mle ndani.

Kisha msimamizi wa mruko anaanza amri zake, kwa sauti na kwa mikono maana injini zinameza maneno. Simama. Nasa ndoano. Kagua mkanda wako. Kagua vifaa. Kila mmoja anampapasa aliye mbele yake mgongoni, anaufuatisha mkanda wa mwenzake kwa vidole, halafu ishara ya kwamba yu sawa inapigwa begani kutoka mtu wa mwisho hadi wa kwanza. Ule mpapaso mwambie mwanao asiufanye kwa mazoea. Mkanda ukipita chini ya mkono badala ya juu yake, siku hiyo msuli wa juu ya kiwiko unaweza kukatwa kama nyama kwa uzi. Niliwahi kumshika kijana begani hatua mbili kutoka mlangoni kwa sababu hiyo hiyo. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa amemgonga bega bila kutazama.

Taa nyekundu inazimika, ya kijani inawaka. Ndege inakwenda kama kilomita 240 kwa saa, kwa hiyo unachokutana nacho kwanza mlangoni si kuanguka. Ni upepo, na unakupiga ubavu mzima kwa pamoja. Kidevu kifuani, mikono juu ya mwavuli wa akiba, miguu pamoja. Anayetoka kwa unyonge, anayejivuta badala ya kuruka, ndiye anayejigonga kwenye bodi ya ndege au kujisokota kamba. Halafu mabega yanakamatwa, mwili unapanda kidogo, na kelele zote zinakatika. Kimya kile sijui nikueleze vipi. Niliwahi kumsikia mtu akikohoa mbali kabisa na mimi, angani, kama tumeketi chumba kimoja. Mwanao atakachokupigia simu kukueleza ni kile kimya, na ana haki ya kukifurahia, maana ni kitamu kweli. Kinadumu dakika moja, pengine pungufu.

Hatari nyingine kule juu ni wenzake. Ndege moja inamwaga makumi ya watu kupitia milango miwili, na ndege nyingine iko nyuma yake. Mwavuli unakula hewa. Hewa iliyo juu yake imevurugika, haina nguvu ya kubeba, kwa hiyo anayepita juu ya mwenzake mwavuli wake unaweza kunywea ghafla, akaanguka hadi chini ya yule mwingine, halafu na yule wa juu yakampata yaleyale. Miavuli hii ya kozi haielekezwi kama ile ya michezo. Unavuta mikanda ya mabegani na kuteleza kidogo upande mmoja, basi. Sheria ni kwamba aliye chini ndiye mwenye njia, na aliye juu anajitoa. Kijana aangalie chini, aangalie pembeni, azungushe kichwa muda wote. Wanaofumba macho kwa woga wanawaletea balaa wengine.

Ya ardhi sasa. T-10 unamshusha mtu kwa kasi ya kama mita 7 kwa sekunde. Nikikugeuzia iwe kitu cha kukiona, ni sawa na kuruka kutoka juu ya ukuta wa mita mbili na nusu. T-11, kwa kuwa kitambaa chake ni kipana zaidi na kina umbo la msalaba, unashuka kama mita 5.8 kwa sekunde, ukuta wa kama mita 1.7. Afadhali, lakini bado ni ukuta, na unaurukia ukiwa na vifaa. Halafu ongeza upepo. Jeshi la Marekani kwa mafunzo linasimamisha miruko upepo wa chini ukizidi noti 13, yaani kama kilomita 24 kwa saa. Upepo huo ni karibu mita 7 kila sekunde kwenda pembeni. Kwa hiyo siku ya upepo wa mpakani kijana anateremka na papo hapo anaburutwa upande, na kasi hizo mbili zinakutana kwenye vifundo vyake vya miguu.

Ndiyo sababu wiki nzima ya kozi, wakati yeye anatamani ndege, watamrusha kutoka kwenye jukwaa fupi hadi mchangani. Wanamfundisha kuanguka. Miguu pamoja, magoti pamoja yamekunjwa kidogo, macho kwenye upeo wa mbele. Nyayo za mbele zikigusa tu, mwili unapinda na kulala kwa upande: shavu la mguu, paja, tako, kisha ubavu wa mgongo. Kishindo kinagawanywa mwilini badala ya kuishia mahali pamoja. Kwa mdomo ni rahisi. Kwa vitendo kuna adui mmoja, nayo ni ile hamu ya mguu kuitafuta ardhi. Mtu akitazama chini anaona ardhi inapanda, na mguu mmoja unajinyoosha kuipokea kabla ya mwenzake. Mguu huo ndio unaovunjika.

Nilikuwa uwanjani na kipaza sauti siku kijana mmoja alipoteremka mita thelathini kutoka niliposimama. Nilipaza sauti: miguu pamoja, miguu pamoja! Alinisikia, akaifunga, kisha kwenye mita za mwisho akatazama chini. Mguu wa kulia ulitangulia. Sauti niliisikia kabla sijamsikia yeye, sauti ya kuni kavu. Alikuwa ameruka vizuri mara nne kabla ya hapo.

Usiku ni mbaya zaidi kwa sababu huioni ardhi, unaikisia, na ukikisia unajiweka vibaya. Mzigo nao huongeza kasi na kuharibu mkao. Shanta inatakiwa iachiwe kabla ya kutua, ining'inie kwenye kamba yake na kugusa chini kwanza, lakini anayeogopa hukawia, au huisahau, akatua nayo imekwama mapajani. Kwa jumla vifundo ndivyo vinavyoumia kuliko viungo vingine, vikifuatiwa na mgongo, magoti na kichwa. Kuna vishikizo vya kifundo vinavyovaliwa nje ya buti, na vilipojaribiwa kwa wanafunzi wa Marekani kwenye kambi ya Fort Benning miaka ya 1990 vilipunguza sana kuteguka. Kama jeshi lake linavyo, avivae, wala asione aibu. Baadhi ya wenzangu walivicheka, na leo wanashuka ngazi kwa kushikilia ukuta.

Na akishatua kazi haijaisha. Mwavuli ukijaa upepo unamburuta mtu chini kama mkokoteni uliopoteza breki, kichwa kikigonga kila jiwe. Kuna kitasa begani cha kuachia upande mmoja wa mwavuli ili unywee. Mkono uwe pale kabla hajajipongeza.

Kuhusu maji, miti na nyaya za umeme nitapita haraka, maana uwanja wa mafunzo huchaguliwa ili aviepuke, na atafundishwa kila kimoja. Maji ndiyo niliyoyaogopa mimi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 kule Normandy, Wajerumani walikuwa wameacha maji yafurike mabonde ya mito Merderet na Douve. Askari wa Marekani walioangukia humo wakiwa na mizigo mizito walikufa maji mahali ambapo wengine walisimama na maji yakaishia kifuani. Mikanda yao ilifungwa kwa vishikizo vya chuma visivyofunguka upesi, hasa vikivutwa na uzito. Waingereza usiku huohuo walikuwa na kitasa kimoja kifuani, unazungusha, unapiga, mikanda yote inaachia. Ukisikia mkufunzi anamrudisha mwanao mara ishirini kufungua kitasa kwa macho yaliyofungwa, ujue ukali huo unatoka huko.

Mambo mengi katika kazi hii yametoka mahali pa namna hiyo. Kwenye kisiwa cha Krete, Ugiriki, tarehe 20 Mei 1941, Wajerumani waliruka na mwavuli uliowashika kwa nyuma, katikati ya mgongo, ukawaning'iniza kifudifudi. Hawakuweza kuuelekeza hata kidogo, walitua kwa magoti na mikono, na bunduki zao nyingi zilishushwa pembeni kwenye makasha. Wengi walikufa wakiyakimbilia yale makasha. Siku hizi askari anaruka na silaha yake mwilini. Kolwezi, mji wa Zaire (Kongo ya leo), tarehe 19 Mei 1978, askari wa Legioni, kikosi cha jeshi la Ufaransa kinachoandikisha wageni, waliruka na miavuli ya Kimarekani waliyopewa na jeshi la Zaire, ambayo hawakuizoea na haikulingana na mifuko yao ya vifaa, wakawa wanafungafunga palepale kwa walichokipata. Walifanikiwa, lakini mimi kama mkufunzi nikisoma habari ile mikono hunitoka jasho. Kifaa usichokijua ni hatari kuliko futi elfu moja.

Na si lazima uwe angani. Tarehe 23 Machi 1994, kwenye kituo cha ndege cha Pope, North Carolina, ndege mbili ziligongana zikija kutua, na mabaki ya moja yakaangukia kundi la askari wa miavuli waliokuwa wakijiandaa kupanda. Walikufa 24. Nakutajia hilo kwa kuwa uliomba usifichwe.

Kama umeona filamu za watu wakianguka muda mrefu na vinyago vya oksijeni usoni, hiyo siyo kozi yake. Wale huruka kutoka futi 25,000 na zaidi, baridi ikiwa chini ya sifuri kwa makumi ya nyuzi, na hupumua oksijeni tupu kabla ya kuruka ili kupunguza naitrojeni mwilini. Akifika huko atakuwa ameruka mara nyingi sana.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nikujibu kwa urefu huu, nacho ni kichwa. Mfupa uliovunjika hauna siri. Mtu analala chini, analia, gari linakuja. Kichwa kilichogongwa kinanyanyuka na kutembea. Mwaka wangu wa sita nilitua kinyumenyume, upepo ukiwa nyuma yangu, na kisogo kikapiga chini ndani ya kofia. Niliamka, nikakunja mwavuli wangu vizuri kabisa, nikaubeba na kwenda kupanda lori ambalo halikuwa letu. Sajenti wa kikosi kingine aliniuliza jina, nikamjibu. Aliniuliza nimetoka ndege ipi, sikujua. Alicheka, nami nikacheka, nikashuka. Sikumwambia mtu, kwa sababu siku tatu mbele kulikuwa na mruko mwingine na sikutaka jina langu lifutwe. Niliruka. Nilitua sawasawa. Kichwa kiliniuma miezi minne, mwanga wa jua ukawa adui yangu, na mke wangu ndiye aliyegundua kwamba narudia maswali. Daktari aliponiona alisema kuruka mara ya pili kabla ubongo haujapona kungeweza kuniua, hata kwa pigo dogo.

Nilipokuwa mkufunzi nilianza kuwauliza vijana uwanjani, mmoja mmoja, jina la msimamizi wao na namba ya ndege. Wapo walioshindwa. Wote walikuwa wamesimama, wamebeba miavuli yao, na wote waliniambia hawana shida.

Mwanao ana miaka ishirini na kitu na wenzake wanamtazama. Hilo ndilo linalowafunga midomo. Kwa hiyo usimwambie ajihadhari, hatajua akufanyie nini na neno hilo. Mwambie usiku wa kabla ya mruko alale, asubuhi ale na anywe maji ya kutosha, maana wengi hupanda ndege na tumbo tupu wakiogopa kutapika, halafu wanalegea mlangoni. Mwambie ahesabu polepole. Mwambie asiitazame ardhi. Mwambie pia kwamba katika majeshi mengi kozi hii ni ya hiari, na kijana anayesema chini kwamba leo hayuko sawa sikuwahi kumdharau, wala sijui mkufunzi mzuri anayemdharau.

Na siku ya mruko wa kwanza, akikupigia, mwache amalize kukusimulia kile kimya. Kisha muulize alitua kwa upande gani, aligonga wapi, na baada ya kutua alifanya nini mpaka akafika kwenye lori. Msikilize anavyopanga hiyo habari. Akiruka kipande, au akikuuliza jambo ulilokwisha kumjibu, mwambie amtafute daktari usiku huohuo, na usikate simu mpaka akubali.